Umeme wa Mafiga

Hapa Gisenyi wengi hawajui kwamba jina la umeme wa mafiga nililizaa mimi. Wasijue. Ni jina lililomuua mume wa dada yangu, na kwa miezi minne na siku kumi nilimwacha yule mjane, na wakwe zake, na mji mzima, waamini kwamba marehemu alikufa kwa uzembe wake mwenyewe. Nayasema haya mapema ili nisipate nafasi ya kukwepa nikifika mbele. Nimekwepa vya kutosha.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya hamsini, umeme ulipokuwa bado mgeni kwetu. Ulitoka kwenye mtambo wa maji mtoni, ukapita juu ya migomba hadi kwenye kiwanda cha mbao cha mzungu mmoja, kando ya njia ya kwenda Nyamyumba. Magogo yalikuja kwa lori kutoka Kanzenze yakiwa bado mabichi, na msumeno mkubwa uliyapasua kutwa nzima. Niliingia pale kama mbeba magogo. Kwa kuwa nilijua kusoma, na Kifaransa changu cha kuungaunga kilinitosha walau kuelewa matusi, mzungu akanifanya msaidizi wake wa umeme, na mkalimani juu yake.

Siku alipoamua kutufundisha alichora kwa chaki ukutani mistari mitatu ya mawimbi, mmoja ukimfuata mwenziwe, akazungumza muda mrefu. Nilitafsiri nilichokisikia, nacho kilikuwa kidogo. Watu waliutazama ukuta kama watu wanaosubiri mvua iishe. Nitaeleza hapa alichokuwa akisema, kwa sababu nilikuja kukielewa baadaye sana, na kukielewa baadaye hakujamsaidia mtu.

Umeme wa taa za nyumbani huja kwa nyaya mbili, mmoja wa kuleta na mwingine wa kurudisha. Umeme wa kiwandani huja kwa nyaya tatu zenye nguvu, na wa nne wa kurudishia. Zile tatu hazisukumi kwa wakati mmoja. Zinapokezana, kama wanawake watatu wanaotwanga kwenye kinu kimoja: mchi wa kwanza ukigonga chini, wa pili uko njiani kushuka, wa tatu unapanda. Ndani ya mota kuna nyuzi za shaba zilizosukwa mafungu matatu, kila waya na fungu lake, na kule kupokezana ndiko kunakoizungusha. Ukibadilishana nyaya mbili nafasi, mota inazunguka kinyumenyume. Mmoja ukikatika mota ikiwa kazini, inajikongoja, inanguruma na kupata joto mpaka iungue. Ikiwa imesimama, haiondoki, inanguruma tu pale pale. Na kila waya una fyuzi yake, kiuzi chembamba kinachoyeyuka umeme ukizidi. Fyuzi moja ikiyeyuka, waya mmoja umekufa. Mwanamke mmoja ameweka mchi chini. Wale wawili bado wanatwanga, na ukitia mkono kinuni utasagika.

Kama ningesema kinu siku ile, shemeji yangu angekuwa hai. Sikusema kinu. Nilisema hivi:

"Sikieni. Hii courant iko sawa na mafiga. Mawe tatu, sufuria moja, moto moja. Ukitosha jiwe moja, ukiitoa pale chini, sufuria inaanguka. Donc, ni kusema, mota bila waya tatu haiwezi kusimama."

Loo, walivyofurahi! Walipigana mabega, wakasema sasa wamesikia. Mzungu akauliza nimewaambia nini, nami nilipomweleza akacheka, akasema bon, bon, akafuta mawimbi yake ukutani na kuchora mawe matatu. Tangu hapo, ukiingia kiwandani ulisikia mafiga kila kona: waya wa figa la kwanza, fyuzi ya figa la pili, leo mafiga yana nguvu, leo mafiga yamelegea. Kichwa kilinivimba. Nilijiona mwalimu.

Mume wa dada yangu alikuwa fundi cherehani, akishona kanzu na suruali barazani kwa baba yake, karibu na msikiti. Alikuwa mtu wa utani, lakini kazini hakuwa na mchezo. Alipima kitambaa mara mbili kabla ya kukikata, na usiku alifunga mlango, akalala, akaamka kuhakikisha kwamba aliufunga. Mimi ndiye niliyemtoa pale. Nilimwambia cherehani ni kazi ya wazee, umeme ndio unakuja. Dada yangu hakutaka. Alikuwa akipika, akaniambia bila kugeuka:

"Sindano ikimuchoma, anatoka damu kidogo. Hii yenu ikimuchoma?"

"Mi niko pale," nikamjibu. "Atachomwa na nini na mi niko pale?"

Hayo ndiyo niliyomwambia. Yeye akafunika sufuria.

Nilimfundisha shemeji kila Ijumaa baada ya swala, tumekaa juu ya mbao zilizopangwa nje ya kiwanda. Alijifunza kama anayehifadhi sura. Kabla ya kugusa chochote, shusha swichi kubwa, ile yenye mkono wa mti, kwa kuwa inakata nyaya zote tatu kwa mpigo mmoja. Chomoa fyuzi zote tatu uzitie mfukoni, asije mtu akakuwashia ukiwa umeinama. Simama juu ya ubao mkavu. Usifanye peke yako. Usiondoe ule waya uliofungwa kwenye mwili wa mota na kuzikwa ardhini, maana umeme ukivuja ndio utakaoupokea badala yako. Alinirudishia yote bila kukosea, kisha akanitania:

"Shemeji, hii kazi iko na masharti kupita ndoa."

Sharti moja sikumpa. Mzungu alikuwa na taa ndogo ya kupimia, yenye vishikio viwili. Kabla ya kuweka kidole, unaipima kwanza mahali unapojua pana umeme, uone kama yenyewe ni nzima, kisha unapima waya wa kwanza, wa pili, na wa tatu, kila mmoja peke yake, hata kama unaapa kwamba umeme haupo. Mimi niliona ni usumbufu. Nikaiacha kabatini. Ukutani, kwenye kisanduku cha swichi ya mota, tulikuwa na taa moja nyekundu iliyowaka umeme ukiwepo, na sote tulizoea kuiangalia ile. Taa moja kwa nyaya tatu. Ilifungwa kwenye figa la kwanza, basi ilisema habari za figa la kwanza tu. Nililijua hilo. Sikumwambia, kwa sababu sikuwahi kufikiri kwamba halijui.

Umeme wa siku zile ulikatika mara kwa mara. Mvua ikinyesha milimani, mto ulileta matope na majani, mtambo ukasimama, na kiwandani tukasema: "Moto imezimika." Ndivyo tulivyosema, na ndivyo wanavyosema hadi leo. Moto ukizimika tulikaa tukapiga soga, au tulifanya vikazi vidogo vilivyotungoja. Wiki ile kulikuwa na kikazi kimoja. Skrubu ya waya wa pili, pale umeme unapoingia kwenye kile kisanduku, ilikuwa imelegea, ikitoa cheche, nami nilimwambia shemeji kwa mdomo wangu: "Siku moto ikizimika tutaikaza."

Siku yenyewe mzungu alinituma Goma kuchukua mkanda wa msumeno. Nilikwenda kwa baiskeli, nikapita barieri kubwa, kizuizi cha mpakani, huku mvua ikinyesha, nikacheleweshwa dukani. Niliporudi, nikiwa bado barabarani, sikusikia msumeno. Sikushtuka. Nilisema moyoni, moto umezimika, na nikapunguza mwendo. Hilo nalo hunirudia, kwamba nilipunguza mwendo.

Walikuwa wamemlaza juu ya unga wa mbao na kumfunika kwa turubai la lori. Walinieleza wote kwa pamoja, ikabidi niwanyamazishe. Gogo bichi liliubana msumeno, mota ikanguruma, mwenzao mmoja akaizima kwa swichi yake. Walipogeuka, taa nyekundu ilikuwa imezimika. Mvua ilikuwa ikinyesha, kwa hiyo kila mtu akajua ni mtoni. Shemeji akasubiri kidogo, akaitazama taa, akasema: "Mafiga imezimika. Ni muzuri, tukaze ile skrubu kabla moto haijarudi." Akamwita mwenzake asimame naye, asifanye peke yake. Akatafuta ubao mkavu. Swichi kubwa hakuishusha, kwa sababu hakuna anayezima jiko lililokwisha kuzimika. Akafungua kisanduku, mkono wa kushoto akaushikiza kwenye chuma, na wa kulia akaupeleka kwenye waya wa pili. Hakupiga kelele. Yule mwenzake alidhani ameinama kutazama, mpaka aliponusa.

Nilikwenda kwenye fyuzi. Ya kwanza ilikuwa imeyeyuka. Ya pili na ya tatu zilikuwa nzima, safi, zinang'aa. Nikakaa chini kwenye tope. Umeme ulikuwepo wakati wote. Figa moja tu lilikuwa limekufa, na mimi nilikuwa nimemfundisha kwamba moto ni mmoja.

Mzungu akaja na daftari lake. Akataka kujua, na aliyewatafsiria mashahidi ni mimi. Yule mwenzake shemeji alisema kwa sauti ya kulia: "Alisema mafiga imezimika, sisi wote tuliona imezimika." Nikamgeukia mzungu nikasema kwa Kifaransa: "Anasema marehemu hakushusha swichi kubwa." Haukuwa uongo kamili. Ndiyo maana ulinitoka kwa urahisi. Mzungu akatikisa kichwa, akaandika neno moja, nikalisoma kichwa chini miguu juu: uzembe. Angeweza kuniuliza swali moja zaidi. Alifunga mfuniko wa kalamu yake na kurudi nyumbani kubadilisha viatu.

Tulimzika siku ile ile kabla ya magharibi. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliomwosha. Kwenye ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia alikuwa na alama ndogo nyeupe, ngumu, na nyingine kwenye kiganja cha kushoto. Nilizimiminia maji taratibu, kana kwamba zinauma.

Habari ilitangulia mbele yangu mjini. Uzembe. Wanawake waliokuja kumpa pole dada yangu waliondoka wakinong'ona kwamba mtu mwenye mke hachezei vitu vya wazungu. Baba yake shemeji, mzee ambaye kila jioni alikaa barazani pale cherehani ilipokuwa, alianza kuingia ndani watu wanapopita. Alikuwa amelea watoto wake kwa neno moja, utulivu, na sasa mwanawe alikuwa mfano wa kuwatishia watoto wa wengine. Ningeweza kumkomboa kwa sentensi moja. Kila asubuhi niliamka nikiwa nayo mdomoni, na kila asubuhi niliimeza pamoja na chai. Nilijiambia kazi yangu itakwenda. Nilijiambia kusema hakutamfufua. Ukweli ni kwamba nilikuwa naona haya, na haya iliniuma kuliko msiba.

Dada yangu akakaa eda na mtoto wake mchanga. Hakutoka nyumbani, mimi ndiye niliyempelekea kuni, maharage, viazi na samaki. Kila nilipofika aliniuliza swali lile lile:

"Kaka, juu ya nini, sababu gani alitia mukono?"

"Alisahau kuzima."

"Yeye? Yeye alisahau?"

Nami nilijibu kwamba ajali ni kudra ya Mungu. Nilimtupia Mungu kazi yangu, nikachukua kikapu changu kitupu nikaondoka.

Siku eda ilipokwisha waliandaa hitima. Wanaume walikuwa wameketi uani juu ya mikeka, mzee baba yake shemeji akiwa amekaa nyuma kabisa karibu na lango, pahali pa mtu anayetaka kuondoka mapema. Chakula kilipikwa nyumba ya jirani, kwa hiyo jikoni kwa dada yangu hapakuwa na mtu. Aliniita huko. Jiko lake lilikuwa mawe matatu meusi ya volkano, yale yenye vitundu, kama tulivyokuwa nayo sote. Sufuria ilikuwa imekwisha kuondolewa na kuni zimetolewa. Katikati palikuwa na majivu tu. Akafunga mlango.

"Muke wa yule rafiki yake wa kazi alikuja asubuhi," akasema. "Ameniambia neno alisema mbele ya kufa. Alisema mafiga imezimika. Mafiga ni nini, kaka?"

Sikuwa na pa kukimbilia. Nikachutama pale jikoni nikamweleza, nikionyesha kwa kidole. Hili ni waya wa kwanza, hili wa pili, lile la ukutani ni wa tatu. Moto ni mmoja. Ukizimika, umezimika. Nikamwambia nilivyowafundisha, na wao walivyofurahi, na taa moja kwa nyaya tatu, na fyuzi mbili zilizokuwa zinang'aa, na nilivyotafsiri. Nililia, lakini si sana. Machozi yalikuwa yananionea haya.

Alinisikiliza mpaka mwisho, amesimama. Kisha akauliza:

"Moto iko hapa?"

"Hapana. Umezimika."

"Shika jiwe."

Nikashika la kwanza. Lilikuwa baridi. Nikashika la pili, baridi. Nikaweka kiganja kwenye lile la ukutani, nikaurudisha mkono nikipiga kelele, ngozi imebaki inawaka.

"Nimetosha kuni tangu asubuhi," akasema. "Mawe haipoi pamoja, kaka. Haijapoa pamoja hata siku moja. Hii ya ku ukuta inabakiaka na moto mpaka alasiri, mi naanikiaka hapa vitambaa vya mutoto. Kila mwanamuke anajua." Akanitazama nikipuliza kiganja. "We hujapika hata siku moja. Yeye hakupika hata siku moja. Na mulikaa juu ya mbao yenu, kila Ijumaa, munafundishana mafiga. Mi nilikuwa hapa. Mungeniuliza."

Maneno hayo ninayo mpaka leo, mzee kama nilivyo. Nikikutana na vijana mafundi wakisema umeme wa mafiga, huwasimamisha na kuwaambia wapime nyaya zote tatu, kila mmoja peke yake, na wao hunijibu "ndiyo mzee" na kuendelea na safari yao.

Akafungua mlango. Akanionyesha uani kwa kidevu. Nikatoka, mkono nimeuning'iniza, nikapita katikati ya mikeka hadi kule nyuma karibu na lango. Nikapiga magoti mbele ya mzee, nikamwambia yote, na watu wa karibu wakaacha kuzungumza. Alikuwa hasikii vizuri sikio moja, akanigeuzia lile zima.

"Donc mutoto wangu hakukosea?" akauliza.

"Hakukosea, baba. Nilikosea mimi."

"Sema tena."

Nikasema tena. Akatazama uani, akawaona wale walioketi mbele, karibu na chakula, ambao walikuwa hawajasikia kitu. Akanishika ule mkono ulioungua, bila kujua, akaubana kwa nguvu zake zote.

"Simama," akasema. "Sema na sauti, bale ba mbele basikie."

Nikasimama, nikasema kwa sauti.